Kidonda cha mdomoni nacho ni kidonda

Mbukwenyi jamani. Leo nataka tuongee kuhusu mdomo, na naomba usome hata kama meno yako meupe na hujawahi kuumwa jino, maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na kila nikikaa na watu hapa Dodoma naona tunalipita tu kama halituhusu.

Mtu anapiga mswaki, anatema, anaona povu limekuwa la pinki, anasema aah huu mswaki mgumu. Ananunua mwingine. Miaka inapita, fizi zinatoka damu akipiga mswaki, zinatoka damu akitafuna muwa, akiamka asubuhi mdomo una ladha ya chuma, na kwa vile hakuna panapouma basi haendi kokote. Na hapo ndo shida ilipo, ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi. Jino lililotoboka halikuachi ulale, saa nane za usiku umeshika shavu unaomba kupambazuke, ila fizi zinaharibika kimya kimya mpaka siku unagusa jino kwa ulimi unakuta linacheza.

Fizi ikitoka damu maana yake pale pana kidonda, basi, hakuna maelezo mengine marefu. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeshazama mpaka kwenye mifupa inayoshika meno, wataalamu walishapiga hesabu ya ile sehemu ya ndani ya fizi iliyovimba na kuchubuka, ukiijumlisha jino kwa jino inafika kama sentimita za mraba 8 mpaka 20. Shika kiberiti uangalie ule upande wake mpana, ndo ukubwa wenyewe. Sasa mtu wa kisukari akitokea na kidonda cha saizi hiyo mguuni nyumba nzima inasimama, anakimbizwa hospitali, kinasafishwa, anaambiwa asivae kandambili, ndugu wanapigiana simu. Kikiwa mdomoni hakuna anayeuliza. Na damu inayopita pale ni hiyo hiyo inayopita kila mahali.

Mimi nilianza kulifuatilia hili kwa sababu ya mama mkubwa wangu. Ana kisukari kitambo, alikuwa anakaa kwao Kongwa, tukamleta hapa Nkuhungu ili iwe rahisi kwenda kliniki. Kliniki alikuwa haachi, dawa anameza kwa wakati, sukari ya chai tulishamwondolea, lakini sukari yake ilikuwa inapanda tu, leo 14 kesho 16. Kila siku ya kliniki anapimwa sukari, presha, uzito, anaangaliwa miguu, anaulizwa kuhusu macho. Siwalaumu manesi, foleni ile ukiiona utawahurumia, ila kwa kipindi chote hicho hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mama fungua mdomo nione.

Mi nilianza kushtuka kwenye chakula. Mama mkubwa alikuwa mtu wa karanga, ukimpa bakuli la karanga za kuchemsha na stori hukumsikia tena. Akaacha. Nyama akawa anaifyonza supu anairudisha, muhogo hataki, kila siku ugali wa uwele na mlenda, na ule ugali anaukata tonge ndogo anaviringa anameza bila kutafuna. Nikamuuliza mama vipi meno, akanijibu "mwanangu haya ni ya uzee tu, hata bibi yako tulimzika hana hata moja". Na harufu ya mdomo ilikuwepo, wote ndani tulikuwa tunaisikia, hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mtu mzima.

Tukaenda kwa daktari wa kinywa na meno. Kitu ambacho sitakisahau ni kile kichuma chembamba chenye alama za milimita, daktari anakiingiza taratibu kati ya jino na fizi anamsomea nesi namba, nesi anaandika. Fizi nzima kichuma kinaishia milimita 1 mpaka 3. Kwa mama mkubwa nikawa nasikia tano, sita, sita, saba, tano, na kila kikitoka kinatoka na damu, pengine na usaha kidogo. Milimita saba kichuma kinazama pembeni ya jino na mwenyewe kalala pale hata hajashtuka! Baadae wakamsafisha kwa mashine, wenyewe wanaita skelingi, ule ugaga, uchafu uliogandia kwenye meno, ukawa unabanduka vipande vyeusi vigumu, akitema unasikia vinalia kwenye beseni la chuma. Kazi yenyewe haikuisha siku moja, walimgawia upande kwa upande kwa ganzi, na meno mawili ya nyuma hayakuokoka, yaling'olewa.

Daktari alinieleza vizuri nikaelewa, nami nawapa kama nilivyoelewa. Mdomoni kuna bakteria wa aina mamia na wengi hawana shida, ila usiposafisha wanajenga ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi, ukoga. Ukoga ukikaa unashika madini ya mate unakuwa mgumu, ndo ugaga, na huo hata upige mswaki mpaka mkono uchoke hautoki, mpaka chuma cha daktari. Chini yake bakteria wanastawi, mwili unatuma askari wake kupigana nao, na ile vita ndo inayokula mfupa. Sasa kwa mtu wa kisukari mambo yanaenda pande mbili. Sukari ikiwa juu kinga ya fizi inalegea, vidonda haviponi haraka, kwa hiyo fizi zinaharibika upesi. Na fizi zikiwa na maambukizi ya muda mrefu, zile kemikali za uvimbe zinaingia kwenye damu zinafanya insulini, ile homoni inayoshusha sukari, isifanye kazi yake vizuri, sukari inapanda. Yaani huu unaulisha ule na ule unaulisha huu.

Tafiti nyingi zimeshaangalia, mtu mwenye kisukari aina ya pili akitibiwa fizi vizuri, kile kipimo cha sukari ya wastani wa miezi 3 kinashuka kwa kama pointi 0.3 mpaka 0.4 za asilimia baada ya miezi mitatu minne. Ni kidogo lakini kwa mgonjwa wa kisukari kila pointi ina maana, na wala si sababu ya kuacha metfomini, hii ni nyongeza juu ya dawa. Kwa mama mkubwa sukari imeshuka na inakaa vizuri zaidi, ila dozi yake nayo ilibadilishwa kipindi hicho hicho kwa hiyo sitawaambia ni fizi peke yake. Ninachojua ni kwamba anatafuna, na mtu anayetafuna anakula mboga za majani, maharage, karanga, badala ya kuishi kwa uji na ugali mtupu ambao ndo unaopandisha sukari zaidi.

Kitu kingine alichoniambia daktari, kuna dawa za presha, amlodipini na nifedipini, kwa baadhi ya watu zinafanya fizi zivimbe zikue zifunike meno. Hata ile ya kifafa, fenitoini. Ukiona hivyo usiache dawa, mwambie daktari wako abadilishe, na usafi wa mdomo uongeze maradufu maana ukoga ndo unaochochea.

Haya, moyo. Huku mtandaoni utakuta watu wanasema ukipiga mswaki hupati mshtuko wa moyo. Ukweli ni kwamba watu wenye ugonjwa wa fizi wanaonekana kuugua moyo na kiharusi zaidi kuliko wengine, hilo lipo, lakini chama cha moyo cha Marekani mwaka 2012 walizipitia tafiti wakasema bado haijathibitika kwamba fizi ndo zinasababisha, wala kwamba kutibu fizi kunazuia. Sigara inaharibu fizi na inaharibu moyo, kisukari hivyo hivyo, kwa hiyo kutenganisha si kazi rahisi. Sipendi kuwatisha watu kwa kitu ambacho wataalamu wenyewe wanakisema kwa tahadhari.

Lakini kuna sehemu ya moyo ambayo haina mjadala kabisa, valvu, vile vilango vya moyo vinavyopitisha damu. Huku kwetu mtoto anapata mafindofindo, yanajirudia, hayatibiwi vizuri, inakuja homa ya rumatiki, inaacha kovu kwenye valvu za moyo. Anakua nayo, wengine hawajui hata kama wanayo mpaka ujauzito au siku anaanza kuhema akipanda mlima. Mtu wa hivyo akiwa na meno mabovu, bakteria wa mdomoni wanaingia kwenye damu wakati anatafuna tu au anapiga mswaki, kwa mtu ambaye moyo wake hauna kovu kinga inawamaliza, ila kwake wanang'ang'ania kwenye lile kovu na kuanza kuila valvu. Inakuja kama homa isiyoisha, jasho usiku, kukonda, mtu anameza dawa za malaria mara ya tatu mara ya nne. Inaua. Kwa hiyo kama wewe au mwanao mmeshaambiwa mna tatizo la valvu, au umewekewa valvu ya bandia, mwambie daktari wa meno KABLA hajakugusa, hasa kabla ya kung'oa, kuna wanaotakiwa kunywa antibayotiki kwanza. Usisubiri aulize.

Alafu kuna njia moja ya meno kuharibu mwili ambayo naiona kila siku mtaani na sijaona watu wakiiongelea, nayo ni dawa za maumivu. Jino limetoboka, linauma, kung'oa anaogopa au hana hela siku hiyo, anaenda duka la dawa ananunua diklofenaki. Linatulia. Linarudi, ananunua tena. Kijana mmoja wa bodaboda pale Majengo alikuwa anatembea nazo mfukoni kabisa, anazimeza na energy drinki, tumbo halina kitu, miezi inaenda. Akaishia kutapika kitu kama majani ya kahawa, ikaja kuonekana vidonda vya tumbo vimechimba vikatoa damu. Jino lenyewe lingeng'olewa au kuzibwa asubuhi moja tu. Na hizi dawa ukizimeza muda mrefu, hasa kama una presha au kisukari, zinaumiza figo. Hapa Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo toka 2018, tunajivunia na tuna haki ya kujivunia, ila hakuna anayetaka kufika huko kwa sababu ya gego.

Hao hao ndo wanaoongezea na vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili, viwili vitatu, uvimbe ukipungua wanaacha. Vile vidonge haviingii kwenye jino lililokufa, usaha unabaki kwenye mzizi unasubiri. Siku nyingine unashuka chini ya taya. Ukiona mtu kavimba chini ya kidevu pande zote mbili, pagumu, ulimi umenyanyuka, anashindwa kumeza mate, sauti imebadilika, huyo si wa kusukutua maji ya chumvi wala kusubiri kesho, njia ya hewa inaziba, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Watu wamekufa kwa jino jamani, si maneno ya kutishana.

Wazee walio kitandani pia nawaombea sana kwenye hili. Tuna wazee wengi waliopata kiharusi wapo ndani huko vijijini, Bahi, Chamwino, Mpwapwa, familia inawahudumia kwa upendo kabisa, wanaogeshwa, wanageuzwa wasipate vidonda vya mgongo, ila mdomo hausafishwi kwa sababu "hali kitu zaidi ya uji". Mtu asiyemeza vizuri mate yake yanashuka kwenye mapafu akiwa usingizini, na kama yale mate yamejaa bakteria inakuja nimonia. Wajapani walifuatilia wazee kwenye nyumba za kulelea kwa miaka miwili, matokeo wakayachapisha 2002, waliokuwa hawasaidiwi kusafishwa kinywa walipata nimonia 19 katika kila 100, waliosaidiwa kila baada ya kula wakapata 11. Kwa kusafishwa kinywa tu. Mkalishe mzee, au mlaze ubavu, mswaki laini wenye maji kidogo sana, safisha meno, fizi, ulimi, kama hana meno tumia kitambaa safi kilicholowa. Meno ya bandia yavuliwe usiku.

Kuhusu maji yetu niseme kwa ufupi. Watu wa Singida, Manyara na Arusha mnajua habari ya meno ya kahawia. Ule si uchafu, ni madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji ya visima wakati meno ya mtoto yanajengeka bado yako ndani ya fizi, kwa hiyo msiwacheke watu na msiyasugue kwa mchanga mkidhani yatang'aa. Kiwango kinachoshauriwa ni kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi sana na kwa miaka mingi inaharibu mpaka mifupa. Huwezi kuionja, maji ya chumvi na maji ya floraidi ni vitu viwili, na kuchemsha hakuiondoi, kwanza maji yakipungua kwenye sufuria inakolea. Kisima cha mtaa kipimwe. Ila hii isikufanye ukatae dawa ya meno yenye floraidi, ile unaitema, na ndo inayozuia jino kutoboka.

Usafi wenyewe hauna gharama kubwa. Mara mbili kwa siku, na kama utachagua moja usiiache ya usiku, maana ukilala mate yanapungua na mate ndo yanalinda meno. Ukimaliza tema povu, usisukutue na maji mengi, acha ile floraidi ikae. Piga pale jino linapokutana na fizi, taratibu, na fizi zikitoka damu usiziruke, ndo zinahitaji kusafishwa zaidi. Mtoto chini ya miaka mitatu dawa iwe kama punje ya mchele, mzazi ndo ampigie. Kijiti cha mswaki nacho kinafanya kazi vizuri ukikitumia kwa utaratibu, wazee wetu hawakukosea, ila fika mpaka meno ya nyuma na ya ndani, wengi tunasugua ya mbele tu yanayoonekana. Mkaa na mchanga acha, vinang'arisha jino juu juu huku vinalila. Na ugoro, najua nitakosana na mabibi zangu wa Kigogo, ila ugoro unaokaa kati ya mdomo na fizi unaleta kansa ya mdomo. Kidonda chochote mdomoni kisichopona wiki mbili kikaangaliwe.

Ubuyu wa rangi sasa. Napenda ubuyu kama mtu yeyote wa hapa, lakini kumpa mtoto kipakti cha ubuyu wenye sukari akamung'unye toka saa nne mpaka saa nane ni kumwekea sukari kwenye meno masaa manne. Kinachoharibu zaidi ni mara ngapi, kila sukari ikigusa mdomo bakteria wanatengeneza asidi na mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kuituliza. Mpe ale amalize, anywe maji, basi. Soda ya kunywa kidogo kidogo siku nzima ni hivyo hivyo, na chai ya kwenye chupa unayomimina kila baada ya dakika chache ofisini nayo ni hivyo hivyo.

Wajawazito, fizi zikivimba na kutoka damu ni kawaida kwa sababu ya homoni ila si kawaida ya kuachwa. Kutibiwa meno ukiwa mjamzito ni salama, kusafishwa ni salama, waambie tu umebeba na mimba ina miezi mingapi.

Nimalizie na hili ambalo kwakweli linaniumiza kuliko yote. Bado kuna watoto wachanga wanaong'olewa "meno ya plastiki". Mtoto ana miezi minne mitano, anaharisha, ana homa, bibi au jirani anamfungua mdomo anaona fizi imetuna yenye weupe upande wa chonge, anasema haya ndo meno ya plastiki yanamuua mtoto. Anapelekwa kwa mganga, fizi inachimbwa kwa kitu chenye ncha, kinatolewa kitu cheupe laini, mama anaonyeshwa kiganjani aone. Kile kitu ni jino lake halisi la utotoni ambalo halijakomaa, chonge, na kile kichuma kinaweza kuliharibu na la ukubwani lililo chini yake. Mtoto anabaki na damu inayotoka, kidonda kichafu, wengine tetenasi, na kuharisha kuko pale pale kwa sababu hakukutokana na meno. Kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa ni habari hiyo hiyo, kikohozi ni cha kifuani, kimeo hakina kosa.

Mtoto anayeharisha anahitaji ORS, ile ya unga ya kuchanganya na maji, na zinki, vyote vinapatikana zahanati, na aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, hakojoi, au anatapika kila kitu, usipite kwa mtu yeyote njiani, nenda hospitali moja kwa moja. Na kama mwanao alishachimbwa fizi huko nyuma mpeleke kwa daktari wa meno akaangaliwe, waambie kabisa kilichofanyika, usione aibu, watakuwa wameshawaona wengi.